Sarafu za kale: jinsi rangi na daraja zinavyoamua bei mnadani

Mfalme Edward wa Nane wa Uingereza alitawala kwa muda usiofika miezi 11 katika mwaka 1936, kisha akajiuzulu. Hata hivyo jina lake liliwahi kufika Afrika Mashariki, likiwa limeandikwa juu ya sarafu za senti tano na senti kumi zenye tundu katikati. Sarafu hizo hazikuwa na sura ya mfalme, kwa hiyo hazikuhitaji kusubiri picha yake.

Sehemu ya sarafu hizo ilitengenezwa mjini Birmingham. Zenye herufi H zilitoka katika kiwanda cha Heaton, kilichoanzishwa na Ralph Heaton baada ya kununua mitambo ya kiwanda cha Soho mnadani mwaka 1850. Zenye herufi KN zina alama ya kampuni ya King's Norton, ya kusini mwa mji huo. Kiwanda cha Heaton kilifungwa mwaka 2003.

Ndururu ya mwaka 1936 yaweza kukutwa leo katika kopo la vifungo mjini Moshi, au katika sanduku la familia iliyohamia Stechford, mashariki mwa Birmingham, mwendo mfupi kutoka mahali ilipotengenezwa. Swali la mwenye nayo huwa ni moja: je, ina thamani gani?

Historia yake yaweza kumfanya mtu adhani ameokota utajiri. Lakini sarafu hizo zilitengenezwa kwa wingi mno, na iliyochakaa huuzwa kwa bei ndogo. Kinachozitenganisha ni hali ya uso wake.

Daraja

Wauzaji wa Uingereza kwa desturi huipanga sarafu kwa maneno, kuanzia iliyochakaa hadi isiyowahi kutumika. Kipimo kinachotumika zaidi katika minada ya kimataifa ni cha namba, kuanzia 1 hadi 70. Asili yake ni Mmarekani William Sheldon, aliyekipendekeza mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, akikusudia namba hiyo ionyeshe pia uwiano wa bei.

Kampuni mbili za Marekani, PCGS iliyoanza mwaka 1986 na NGC iliyoanza mwaka 1987, hukagua sarafu, huipa namba, kisha huifungia ndani ya kibao cha plastiki. Namba 60 hadi 70 ni za sarafu ambazo hazikupita mikononi mwa watu sokoni. Huko juu, tofauti ya namba moja yaweza kuzidisha bei mara kadhaa, kwa sababu zilizosalia katika hali hiyo ni chache na wanaozitafuta ni wengi.

Rangi

Madini ya fedha hubadilika rangi yanapokutana na salfa iliyomo hewani, katika karatasi au katika kitambaa. Utando mwembamba hujijenga juu ya sarafu, na mwanga unaoakisiwa juu na chini ya utando huo hutoa rangi, kama mafuta yanavyofanya juu ya maji. Kwanza huja rangi ya dhahabu, kisha zambarau na buluu, na mwishowe weusi.

Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, iliyotengenezwa na Heaton kwa ajili ya kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani hiyo, ni ya fedha, na hupitia mabadiliko hayo. Utando ulioenea vizuri, wenye mng'ao wa asili chini yake, waweza kuwafanya wanunuzi wawili washindane na kupandisha bei. Utando mweusi wenye mabaka huishusha.

Kwa shaba hali ni kinyume. Sarafu mpya huwa nyekundu, na kadiri inavyokaa hugeuka kahawia. Wakaguzi huandika kama ni nyekundu, nyekundu iliyochanganyika na kahawia, au kahawia. Senti kumi ya mwaka 1936 iliyobaki na wekundu wake hupata bei kubwa kuliko iliyo kahawia, hata kama zote mbili hazikutumika.

Kusafisha ni kuharibu

Hasara kubwa hutokea nyumbani, kabla sarafu haijafika mnadani. Ndimu, siki, majivu na dawa ya meno huirudishia sarafu weupe au wekundu, lakini huacha mikwaruzo au kuula uso wake. Mng'ao wa asili hutokana na mistari midogo iliyochorwa na nguvu ya mtambo wakati wa kugonga sarafu. Ukishaondoka, haurudi.

Wakaguzi huitambua sarafu ya namna hiyo. Hukataa kuipa namba kamili, na badala yake huandika kwamba imesafishwa. Hufanya hivyo pia kwa sarafu iliyotiwa rangi kwa moto au kemikali ili kumdanganya mnunuzi.

Kwa hiyo mwenye sarafu ya babu hushauriwa kuishika kwa kingo, kuiweka mahali pakavu, na kuepuka mifuko laini ya plastiki ya PVC, ambayo huacha ute wa kijani. Ada ya kukagua nayo hufaa ipimwe kwanza: kwa ndururu iliyochakaa, yaweza kuzidi bei ya sarafu yenyewe.