Pikipiki za Shafti na Ubovu Uliohama na Miaka

Mwaka 1905 kiwanda cha silaha cha Fabrique Nationale, mjini Herstal nchini Ubelgiji, kilikuwa kikiuza pikipiki ya silinda 4 isiyo na mkanda wala cheni. Nguvu ya injini ilipita kwenye shafti iliyofichwa ndani ya bomba, ikafika nyuma, ikakata kona kwa gia mbili za pembe na kulizungusha gurudumu. Aliyeichora ni Paul Kelecom. Injini yake ilikuwa ya sentimita za ujazo 362, na zile za mwanzo hazikuwa hata na klachi. Wakati huo pikipiki nyingi ziliendeshwa kwa mkanda wa ngozi, na ngozi ikilowa mvua huteleza kwenye puli. Cheni nayo ilikula tope na mchanga, ikarefuka, mwishowe ikakatika. Shafti iliwaondolea waendeshaji shida zote mbili, lakini ilikuja na yake: ubovu usioonekana.

Cheni ikichoka, mwenye macho huona. Hulegea, hulia, na meno ya sproketi huchongoka. Shafti huchakaa gizani, ndani ya bomba, huku nje pikipiki ikionekana nzima. Kwa hiyo kutafuta ubovu wake kumekuwa tangu mwanzo kazi ya masikio, ya mikono, na ya kuisoma oili iliyomwagwa. Wala hakuna orodha moja ya kuwafaa wote, kwa kuwa kila umbo la shafti lilipobadilishwa, ubovu nao ulihama mahali. Fundi mzuri akiletewa pikipiki ya namna hii huuliza kwanza ni ya mwaka gani.

Shafti ilipata umaarufu wake kwa njia ya mkataba wa amani. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Mkataba wa Versailles uliizuia Ujerumani kuunda injini za ndege, na BMW ya Munich, iliyokuwa ikiishi kwa injini hizo, ikabidi itafute kazi nyingine. Iliunda injini ya boksa, yaani ya silinda mbili zilizolala na kupeana migongo, ikawauzia watengenezaji wengine. Katika pikipiki ya Helios injini hiyo ilipangwa kwa urefu, silinda moja mbele na moja nyuma, na ile ya nyuma ilikosa upepo ikawa inachemka. Mhandisi Max Friz aliigeuza. Silinda zikatokeza kushoto na kulia, zote zikapigwa na upepo, na krenki ikaelekea nyuma. Ilipokaa hivyo, shafti ikawa ndiyo njia fupi kuliko zote: krenki, klachi, giaboksi, gurudumu, mstari mmoja wenye kona moja tu mwishoni. Pikipiki hiyo, R 32, ilioneshwa Berlin mwaka 1923 ikiwa na sentimita za ujazo 494 na nguvu farasi 8.5.

R 32 haikuwa na shokapu nyuma. Gurudumu halikupanda wala kushuka, hivyo shafti haikuhitaji krosi, yaani kiungo chenye umbo la msalaba kinachoiruhusu kupinda huku ikizunguka. Ilitosha diski nene ya kunyumbuka karibu na giaboksi, ya kumeza mishtuko na kusamehe upindo mdogo. Ubovu wa enzi hiyo ulikaa kwenye diski. Ikikauka hupasuka kuzunguka matundu ya bolti, matundu yanakuwa marefu kama yai, na mwendeshaji husikia kishindo kimoja kizito kila anapofungua au kufunga mafuta. Fundi wa siku hizo alikuwa na bahati kuliko waliomfuata: shafti ilikuwa wazi, akichuchumaa aliiona na kuishika.

Mwaka 1938, kwa pikipiki kama R 51, gurudumu la nyuma lilianza kucheza juu na chini. Krosi ikaongezwa karibu na gia za nyuma, diski ikabaki mbele. Mpango huu ndio uliosafiri mbali zaidi. Harley-Davidson iliuiga kwenye XA ya jeshi la Marekani, zikatengenezwa takriban 1,000. Umoja wa Kisovieti uliiga R 71 ya BMW ukaita yake M-72. Kiwanda cha Moscow kilihamishiwa Irbit vita ilipokaribia mji, na pikipiki za Ural zilizozaliwa huko ziliendelea na shafti ya diski ya mpira na krosi kwa miongo mingi. Krosi iliyokosa grisi hulia wembamba kama panya pikipiki inaposukumwa kwa mikono au ikienda polepole, kisha mlio hufunikwa na kelele nyingine mwendo ukiongezeka. Wengi hudhani imepona. Anayeifungua wakati huo hukuta vikombe vyake vimejaa unga mwekundu badala ya grisi, na sindano za beringi zimechora mifereji kwenye mikono ya krosi.

Mageuzi makubwa yalikuja mwaka 1955, kwenye R 50 na R 69. Shafti iliingizwa ndani ya bomba la kulia la mkono unaobeba gurudumu la nyuma, ikawa inazunguka ndani ya oili yake yenyewe. Krosi ikahamia mbele, mgongoni mwa giaboksi, ikafunikwa na mpira wa kuzuia vumbi na uvujaji. Ujenzi huo ulirithiwa na R 50/5, R 60/5 na R 75/5, zilizoanza kuundwa Berlin-Spandau mwaka 1969, na warithi wake wa miaka ya 1970. Pikipiki hizi bado ziko barabarani kwa wingi, na ndizo zinazofaa kutazamwa kwa karibu.

Kazi ya kwanza ni kutenganisha kelele. Ya injini hupanda na kushuka na mizunguko ya injini. Ya shafti na ya nyuma hufuata mwendo wa gurudumu. Kwenye barabara tambarare isiyo na magari, pikipiki ikiwa kilomita 60 kwa saa, klachi huvutwa na injini huachwa itulie. Kelele ikiendelea vilevile, chanzo kiko nyuma ya klachi. Kisha husikilizwa tofauti kati ya kuvuta na kuachia. Gia za pembe hubeba mzigo kwa uso mmoja wa jino wakati injini inavuta, na kwa uso wa pili wakati gurudumu linaisukuma injini. Kwa hiyo mvumo unaolia pikipiki inapovuta na kunyamaza inapoachiwa, au kinyume chake, huelekeza kidole kwenye gia hizo mbili, krauni na pinioni. Mkwaruzo usiojali kuvuta wala kuachia mara nyingi ni wa beringi.

Baada ya masikio huja mikono. Pikipiki husimamishwa kwenye stendi kubwa, gia ya juu inaingizwa, alama ya chaki huwekwa kwenye tairi, na gurudumu hutikiswa mbele na nyuma. Mchezo kidogo si ugonjwa: giaboksi ina wake, gia za nyuma zina wake, na bila huo zingechemka na kujikaanga. Kinachotafutwa ni mahali mchezo ulipozidi. Gurudumu likivutwa nje, sehemu yenye lawama mara nyingi hujionesha yenyewe. Kwenye mashine hizi gurudumu hushikana na gia za nyuma kwa spulaini, yaani meno yaliyochongwa ndani ya kitovu yanayoingiana na meno ya nje ya ngoma ya gia. Jino zima lina paji bapa. Jino lililoendeshwa miaka bila grisi huwa kama la msumeno, limechongoka na kuinamia upande mmoja, na pembezoni mwake kuna vumbi jekundu mithili ya unga wa matofali. Likiisha kabisa, injini hunguruma, gia imeingia, na pikipiki husimama palepale huku nyuma kukisaga. Ndipo kosa la gharama hutokea, la kuilaumu klachi. Klachi iliyokwisha huteleza taratibu, kwanza mlimani na kwa mzigo, na hutoa harufu ya kuungua. Spulaini iliyokwisha haina harufu.

Mbele, chini ya mpira, krosi imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti 4. Nafasi ni finyu na spana ya kawaida haiingii vizuri, kwa hiyo bolti hizo ndizo zinazokazwa nusu na mafundi wenye haraka. Zikilegea hugonga, na zikiachwa huweza kukatika na kupasua bomba kwa ndani. Mpira ukivutwa nyuma, krosi hupindwa kwa kidole: nzima hunyumbuka laini pande zote, mbovu hukwama katikati, mahali ilipozoea kukaa pikipiki inapoenda moja kwa moja.

Hakuna sehemu inayosema wazi kama oili. Kuna nyumba tatu zisizopaswa kupeana kitu. Giaboksi ya R 75/5 hubeba mililita 800, gia za nyuma, ambazo mafundi wengi huziita difu kwa mazoea ya magari, hubeba 250, na bomba la shafti hubeba kiasi kidogo kuliko hizo zote. Kati ya nyumba hizo zimesimama sili mbili. Kila nyumba humwagwa peke yake, kwenye chombo chake, na kupimwa kabla ya kutupwa. Oili ya giaboksi ikipungua huku ya bomba ikizidi, sili ya nyuma ya giaboksi imechoka. Difu ikipungua na bomba likifurika, ni sili ya pinioni. Oili ikionekana kwenye rimu au ndani ya ngoma ya breki, sili kubwa ya nyuma imekwisha, na pikipiki haifai kuendeshwa hata hatua moja, kwa kuwa breki ya nyuma nayo imekwisha.

Kisha hutazamwa rangi. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, pengine kupitia mpira uliopasuka au tundu la kupumulia. Kwenye sumaku ya kizibo hukaa tope laini la kijivu, linalopakazika kidoleni kama risasi ya penseli. Hilo ni uchakavu wa kawaida. Likiwa na chenga zinazong'aa juani kama magamba ya dagaa, ngozi ngumu ya jino au ya beringi imeanza kubanduka, na kumwaga oili mpya hakutasaidia kitu. Chembe ya shaba haina kazi ndani ya difu ya chuma. Ikionekana, kuna kibati au kizimba cha beringi kinacholiwa.

Yapo pia malalamiko yasiyo ubovu. Mita ya mwendo ya pikipiki hizi husukumwa na giaboksi, kabla ya gia za nyuma. Mwenye pikipiki wa zamani akiwa amefunga difu ya modeli nyingine, mita husema uongo na injini huonekana nzito au nyepesi kupita kiasi, ingawa kila jino ni zima. Jibu limepigwa muhuri kwenye bati la difu lenyewe: R 75/5 ilitoka na meno 32 kwa 11.

Nje ya Ujerumani shafti ilifuata njia nyingine, na ubovu wake ukafuata. Sunbeam S7 ya Uingereza, miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili, ilitumia gia ya parafujo badala ya gia za pembe. Meno yake hayakustahimili nguvu ya injini ya majaribio, ikabidi injini ipunguzwe makali. Kwenye mashine hiyo chembe za shaba kwenye oili ni dalili ya kawaida ya uchakavu, jambo linaloonesha jinsi ushahidi uleule unavyogeuka maana kutoka pikipiki moja hadi nyingine. Moto Guzzi V7 ya Italia ya mwaka 1967 ilikuwa na krenki ya urefu kama ya BMW, na Honda GL1000, iliyooneshwa Köln mwaka 1974, vivyo hivyo. Lakini Yamaha XS750 na Suzuki GS850G zilikuwa na injini iliyokaa kwa upana, kwa hiyo shafti yao hukata kona mara mbili: mara moja nyuma ya injini, mara ya pili kwenye gurudumu. Anayesikia mvumo humo ana sehemu mbili za kushuku, na fremu huongoza kelele kiasi kwamba sikio pekee hudanganya. Bisibisi ndefu ikiwekwa ncha kwenye bati na mpini kwenye sikio, gurudumu likizungushwa juu ya stendi, huamua.

Tabia moja ya shafti haikuwahi kuwa ubovu, ila ilitafutiwa dawa. Mafuta yakifunguliwa, pinioni hujaribu kupanda juu ya krauni na mgongo wa pikipiki huinuka, yakifungwa hushuka. Wajerumani waliziita BMW zao ng'ombe wa mpira kwa sababu hiyo. Kwenye R 80 G/S ya mwaka 1980, ndugu wa ile iliyompa Hubert Auriol ushindi wa Paris-Dakar mwaka 1981, safari ndefu ya shokapu ilizidisha jambo hilo. Mwaka 1987 R 80 GS na R 100 GS zikaja na mkono wa Paralever: krosi mbili, moja mbele na moja nyuma, na fimbo ya kuishika difu isipande.

Mgongo ulitulia, na mzigo ukahamia kwenye krosi. Shafti haikuogelea tena kwenye oili, pembe zikawa kali, na krosi zilizibwa kiwandani bila nipeli ya grisi. Zipo zilizokufa kabla ya kilomita 50,000. Dalili yake ni mtetemo kwenye vikanyagio vya miguu, unaoanza kwenye mwendo fulani na kurudi kila unapofikiwa. Krosi moja iliyopinda huharakisha na kupunguza mzunguko mara mbili kila duara. Ya pili, ikipangwa sambamba na ya kwanza, huusawazisha. Ndani ya shafti ya Paralever kuna pia mpira wa kumeza mishtuko uliogandishwa kati ya chuma na chuma. Mpira huo ukiachia, nusu mbili za shafti hugeukiana, krosi hupoteza usambamba, na mtetemo huja hata krosi zenyewe zikiwa nzima. Kwa hiyo shafti ikitolewa, macho hupiga mstari kutoka uma wa mbele hadi wa nyuma kabla ya kidole kupima krosi. Uma mmoja ukionekana umegeuka, kazi ya kupima imekwisha na shafti ni ya kubadilishwa. Zikiwa sambamba, karakana zenye mashine ya kusawazisha huzikata krosi za kiwandani na kuweka zenye pete za kufungia na nipeli, ambazo fundi anaweza kuzipaka grisi na kuzibadilisha mwenyewe.