Soda ya baridi ndani ya dakika moja: mashine zinafanyaje, na dukani tufanyeje

Msikilizaji wetu mmoja mwenye duka hapa Lagangabilili alitutumia video kwenye simu. Kuna mashine ndogo, umbo lake kama brenda. Mtu anaweka kopo la soda, anabonyeza, na baada ya dakika moja kopo linatoka likiwa baridi, limejaa matone ya maji kwa nje. Swali lake lilikuwa fupi: akope kwenye kikoba ainunue? Shida yake tunaijua wote. Saa nane mchana, mwezi wa tisa, mteja anauliza, "Ya baridi ipo?" Ukimjibu ipo ya moto tu, anavuka barabara.

Tuanze na jambo ambalo wengi tunalielewa kinyume. Friji haiingizi baridi kwenye soda, inatoa joto lililomo. Soda ya mililita 350 yenye nyuzi joto 30, ukitaka ifike nyuzi 5, lazima uitoe joto la kama kilojuli 37. Kulitoa joto hilo lote kwa dakika moja kunahitaji nguvu ya kunyonya joto inayozidi wati 600. Friji ndogo ya dukani haina nguvu hiyo. Yenyewe hunyonya kidogo kidogo, ndiyo maana kreti uliyoipanga asubuhi inakuwa tayari mchana.

Kikwazo cha pili ni hewa. Ndani ya friji chupa imezungukwa na hewa, na hewa hupitisha joto vibaya sana. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia. Ushahidi unao mwenyewe: asubuhi ya baridi unaweza kusimama nje na shati tu, lakini ukijimwagia maji yenye baridi ileile unapiga kelele. Cha tatu ni soda yenyewe. Ile iliyogusa chupa inapoa haraka, ya katikati inabaki na joto lake mpaka kitu kiichanganye.

Sasa mashine. Mojawapo inayojulikana ni Cooper Cooler ya Marekani. Inalaza kopo, inalizungusha, na kulimwagia maji ya barafu mfululizo. Watengenezaji wake wanasema kopo hupoa kwa dakika moja, na chupa ya mvinyo kwa dakika sita. Lakini angalia ndani yake: barafu unaiweka wewe mwenyewe! Mashine haitengenezi baridi hata kidogo. Kazi yake ni kuzungusha na kumwaga maji. Ziko nyingine za gharama kubwa zaidi zinazotengeneza baridi zenyewe, kama ile ya kampuni ya ColdSnap, pia ya Marekani, inayogandisha aiskrimu ya mtu mmoja kwa dakika chache kutoka kwenye kopo maalumu. Hiyo inahitaji umeme usioyumba na makopo yake yenyewe, kwa hiyo kwetu tuiache.

Mtu akisikia habari za kugandisha haraka, hapa Tanzania lazima jina la Erasto Mpemba litajwe. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, aliwahi nafasi kwenye friza kwa kuingiza maziwa ya aiskrimu yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Walimcheka. Baadaye akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, ambaye hakumcheka, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kama jambo hilo hutokea kila mara. Kwa hiyo usichemshe soda kwa kumtegemea Mpemba.

Barafu ndiyo yenye nguvu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza kilojuli 334, yaani gramu 110 hivi zinatosha kwa soda yetu moja. Ongeza ya kupoza chupa yenyewe na ile inayopotea kwa hewa ya nje, weka robo kilo. Ponda barafu, itie kwenye ndoo au deli, kisha mimina maji mpaka chupa zizame. Wengi hukosea hapa: wanapanga chupa juu ya mabonge makavu, na chupa inagusa barafu sehemu mbili tatu tu. Ukitia konzi kadhaa za chumvi, mchanganyiko unashuka chini ya nyuzi sifuri. Laza chupa na uizungushe taratibu kwa mkono, bila kuitikisa. Kwa ndoo yenye maji na barafu peke yake, tegemea kama robo saa. Ukiweka chumvi na kuzungusha, muda unapungua sana.

Usiisahau chupa kwenye maji ya chumvi. Soda ikiganda inatanuka na chupa inapasuka, na vioo hivyo vimekata watu. Chupa iliyotoka juani iache kwanza kivulini. Barafu hiyo ni ya kupozea nje tu, usiitie kwenye glasi ya mteja kama hujui maji yake yalichemshwa.

Kwa mwenye duka wetu: usikope. Kama friza unayo, gandisha maji usiku kwenye madumu madogo, usiyajaze mpaka juu, na asubuhi uwe na deli la barafu tayari. Poza chupa chache kadiri wateja wanavyokuja. Umeme ukikatika mchana, deli lenye mfuniko mzuri linaendelea na kazi.

Chupa isuuze kwa maji safi kabla ya kumpa mteja, la sivyo atanywa chumvi mdomoni. Na yale maji ya chumvi usiyamwage bustanini wala kuku wanapokunywa.