Ganzi Inayokawia Kuisha

Mwaka 1884, jijini Vienna, daktari kijana Carl Koller na mwenzake Gustav Gaertner walidondosheana maji ya kokeini machoni. Kisha wakasogea kwenye kioo na kujigusa mboni kwa kichwa cha pini. Hawakuhisi kitu. Septemba 15 mwaka huohuo habari hiyo ilitangazwa mbele ya madaktari wa macho mjini Heidelberg, na aliyeisoma hakuwa Koller. Yeye hakuwa na nauli.

Ganzi ilipatikana, ila haikukaa. Novocain ya Mjerumani Alfred Einhorn, ya mwanzoni mwa karne ya 20, iliisha upesi. Lidokeini ya Waswidi, iliyoingia sokoni 1948, ilifika saa moja au mbili. Kwa aliyepasuliwa, huo ni muda wa kutolewa chumba cha upasuaji na kulazwa kitandani. Halafu mshono unaanza kuwaka, na usiku bado mbichi.

Ni Sweden tena iliyokuja na jibu. Mwaka 1957 Bo af Ekenstam na wenzake wa kampuni ya Bofors walitengeneza bupivakeini. Neva hupeleka habari za maumivu kwa kufungua vijilango vinavyopitisha sodiamu, na dawa za ganzi huviziba. Bupivakeini hupenda mafuta, hivyo hupenya neva na kung'ang'ania humo. Ikichomwa kuzunguka neva za bega, mgonjwa anaweza kulala usiku kucha. Akina mama wengi wa Afrika Mashariki wameipata kwa jina la sindano ya mgongo: huchanganywa na glukosi iwe nzito kuliko maji ya uti wa mgongo, mama akapasuliwa akiwa macho, akasikia mwanawe akilia.

Hatari yake ni kwamba hung'ang'ania moyo vilevile. Mwaka 1979 Mmarekani George Albright aliandika katika jarida la Anesthesiology kuhusu mioyo iliyosimama baada ya dawa za aina hii, ikawa vigumu mno kuiamsha.

Tiba ilizuka pasipotarajiwa. Guy Weinberg, akifanya majaribio kwa panya, alidhani mafuta ya kudungwa kwenye mshipa yangeizidisha sumu hiyo. Kumbe yaliwakinga. Matokeo yalichapishwa 1998. Miaka minane baadaye, jijini New York, moyo wa mwanamume wa miaka 58 aliyechomwa ganzi ya bega ulisimama. Madaktari walihangaika naye kama dakika 20 bila mafanikio, kisha wakamdunga mililita 100 za mafuta hayo meupe kama maziwa. Mapigo yakarudi.

Mwaka 2011 mafuta yaliingia tena: Marekani iliidhinisha bupivakeini iliyofungwa ndani ya viputo vidogo vya mafuta, ili iachiwe kidogo kidogo kwa hadi siku tatu. Ni ghali mno, na tafiti kadhaa zilizoilinganisha na bupivakeini ya kawaida zimekuta tofauti ndogo kwa mgonjwa. Ile ya 1957 ingali kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.