Wayahudi wa Rhodes: kutoka La Juderia hadi Lubumbashi

Ndani ya kuta za Mji Mkongwe wa Rhodes, kisiwani Ugiriki, kuna uwanja uitwao Mashahidi wa Kiyahudi. Watalii hujaa mikahawani, na wengi hupita bila kusoma maandishi ya nguzo nyeusi ya mawe iliyosimama hapo. Inawakumbuka wakazi wa La Juderia, mtaa uliouzunguka uwanja huo.

Wengi wao walikuwa wazao wa Wayahudi waliofukuzwa Hispania mwaka 1492. Kwa karne nne walihifadhi Kiladino, Kihispania cha mababu zao. Sinagogi lao la Kahal Shalom, lililojengwa 1577, ndilo kongwe kuliko yote yanayotumika Ugiriki hadi leo.

Mwanzoni mwa karne ya 20, ugumu wa maisha uliwasukuma vijana ng'ambo. Baadhi walifika Kongo ya Kibelgiji wakafungua maduka Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Mwaka 1938 Waitalia, waliokitawala kisiwa wakati huo, walipotunga sheria za kibaguzi dhidi ya Wayahudi, wengine wakafuata. Nissim Soriano, baba wa mwanasiasa wa Kongo Moïse Katumbi anayeongoza klabu ya soka ya TP Mazembe, alikuwa Myahudi wa Rhodes.

Waliobaki walinaswa.

Wajerumani walikitwaa kisiwa Septemba 1943, Italia iliposalimu amri. Julai 1944, majeshi ya Marekani na Uingereza yakiwa tayari yametua Ufaransa, Wanazi waliwaamuru wanaume Wayahudi waripoti, kisha wake na watoto wao. Balozi mdogo wa Uturuki, Selahattin Ülkümen, alishikilia kwamba baadhi yao walikuwa raia wa nchi yake, akawaokoa makumi kadhaa. Tarehe 23 Julai, takriban watu 1,700 walipakiwa kwenye matishari hadi bandari ya Piraeus, kisha wakasukumwa kwenye mabehewa ya treni. Walifika kambi ya mauaji ya Auschwitz Agosti 16. Walionusurika ni kama 150 tu.

Nguzo ya uwanjani inaeleza walivyokufa. Jinsi walivyoishi inaonekana Kahal Shalom, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Kwenye vyumba vya pembeni, wanawake walimosali zamani, sasa kuna makumbusho yenye picha za harusi, mavazi na vitabu vya sala. Majina ya familia zilizoangamizwa yameandikwa kwenye vibao vya sinagogi, na wajukuu wa waliohama huja kutoka Afrika, Ulaya na Marekani kuyatafuta ya kwao.