Saba Isiyotulia: Historia ya Joto, Ayoni na Kipimo cha pH ya Maji

Katika vitabu vingi vya kiada, maji safi hutajwa kuwa na pH 7, na namba hiyo imezoeleka kuwa ndiyo maana yenyewe ya kutokuwa asidi wala besi. Historia ya kipimo hiki inaonyesha vingine. Saba ni namba ya nyuzi 25 za Selsiasi. Kwenye nyuzi 0 mahali pa kati ni takriban 7.47, kwenye nyuzi 60 ni 6.51, maji yanapochemka hushuka hadi karibu 6.1. Hata hivyo maji hayo hayajageuka asidi, kwa kuwa ayoni za haidrojeni na za haidroksaidi huongezeka pamoja, kwa idadi iliyo sawa.

Jambo hili lilianza kujulikana kupitia joto, kabla pH yenyewe haijapewa jina. Katika karne ya 19, Julius Thomsen wa Copenhagen alipima joto litokalo asidi kali inapochanganywa na besi kali hadi nguvu zao zimalizane. Kiasi kilikuwa karibu kilekile, takriban kilojuli 57 kwa kila moli, hata asidi na besi zilipobadilishwa. Maelezo yalitoka kwa Svante Arrhenius, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1884 huko Uppsala ilipewa daraja la chini: tendo ni moja tu, ayoni mbili kuungana kuwa maji. Ikiwa kuungana hutoa joto, basi kutengana hulifyonza. Na kwa kanuni ya Jacobus van 't Hoff, kuyapasha maji moto huzidisha utengano huo.

Ilibaki kuthibitisha kwa vipimo, na hapo ndipo palipokuwa na kazi. Kwenye nyuzi 25 ni molekuli moja tu katika takriban milioni 550 iliyotengana, na uchafu kidogo tu hufunika umeme unaopitishwa na ayoni hizo. Mwaka 1894 Friedrich Kohlrausch na Adolf Heydweiller walikenekea maji katika ombwe hadi wakapata maji safi kuliko yaliyowahi kupimwa. Upitishaji wa umeme uliongezeka kwa joto kwa namna iliyoafikiana na hesabu za akina Arrhenius.

Mwaka 1909 S. P. L. Sørensen, mkemia wa Maabara ya Carlsberg aliyekuwa akichunguza vimeng'enya, aliunda kipimo cha pH. Alifanya kazi kwenye nyuzi 18, na kwake mahali pa kati palikuwa 7.07. Baadaye nyuzi 25 zikawa joto la rejea, na hesabu ikatokea kuangukia 7.00. Ukamilifu wa namba hiyo, basi, ni sadfa ya uchaguzi wa joto. Lau desturi ya nyuzi 18 ingedumu, wanafunzi wangekariri 7.07, na pengine wangeuliza mapema zaidi namba hiyo imetoka wapi.

Kwa Kiswahili tatizo halimo katika uhaba wa istilahi. Tanzania ina *jotoridi*, Kenya ina *halijoto*, na yote mawili yanatosha. Kilichopotea ni kishazi cha masharti: "kwenye nyuzi 25" kiliachwa njiani, sentensi ikabaki kama sheria. Athari yake huonekana kwenye fomu za kupimia maji zisizo na safu ya joto. Kifaa chenye fidia ya joto hakiondoi kasoro hiyo. Fidia hurekebisha mwitikio wa elektrodi, wala haibadilishi mahali pa kati pa maji yenyewe.

Jambo hili lina uzito zaidi katika jotoardhi. Vipimo vya Arthur Noyes na wenzake nchini Marekani, vilivyochapishwa mwaka 1907, vilifika nyuzi 306 na kuonyesha kwamba utengano hauongezeki bila kikomo: ukishafikia kilele, huanza kupungua. Kilele hicho leo huwekwa karibu na nyuzi 250, ambapo mahali pa kati ni takriban 5.6. Huko Olkaria, maji ya chini ya ardhi hufikia na kupita joto hilo. Sampuli iliyopoa maabarani, ambayo pia imekwisha kupoteza sehemu ya kabonidayoksaidi yake katika mvuke, hutoa pH ya maji yaliyomo katika chupa; ya kule kisimani hupatikana kwa kukokotoa, na mkokotoaji asiyepewa joto hana pa kuanzia.