Sanaa dhahania: mjadala wa thamani yake

Sanaa dhahania ni uchoraji au uchongaji usiolenga kufananisha kitu kinachotambulika. Haina sura ya mtu, mnyama wala mlima. Ina mstari, rangi, umbo na nafasi. Huko Ulaya ilishika mizizi mwanzoni mwa karne ya 20. Hilma af Klint wa Uswidi alianza picha zake za namna hiyo mwaka 1906, karibu kwa siri, na mwaka 1915 Kazimir Malevich alionyesha hadharani mraba mweusi juu ya turubai nyeupe. Tangu hapo ubishi haujatulia: je, kazi isiyoonyesha kitu ina thamani ya kisanaa, au ni kiini macho cha wauzaji na wahakiki? Hapa swali hilo linatazamwa kutoka Maziwa Makuu, hasa kutoka Gatumba, magharibi ya Bujumbura, ambako barabara inavuka mpaka kuingia Kavimvira na Uvira nchini Kongo.

Ususi, samadi na magome

Burundi wanasuka agaseke, kikapu chenye kifuniko kilichochongoka, na mara nyingi ubavuni mwake hupita mistari ya pembepembe, myeusi au myekundu, isiyofanana na chochote. Hakuna anayemtaka msusi aeleze mchoro wake unaonyesha nini. Kikapu hukaguliwa kwa mambo mengine: ususi umebanana au umelegea, na je, pembe za mchoro zinakutana pale duara linapofunga? Zisipokutana, kila aliyewahi kusuka ataona papo hapo. Kwa maneno mengine, kazi isiyo na sura ina vipimo vyake, navyo ni vikali.

Nchini Rwanda kuna imigongo, sanaa ya Gisaka upande wa mashariki. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa kuwa matuta membamba juu ya ukuta au ubao, kisha hupakwa rangi nyeupe, nyeusi na nyekundu. Masimulizi humtaja Kakira, mwana wa mtawala wa Gisaka, kuwa mwanzilishi wake. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, ni wanawake wa Nyakarambi, baadhi yao wajane, walioifufua kwa njia ya ushirika.

Kazi iliyo karibu zaidi na turubai za kisasa, hata hivyo, iko kaskazini zaidi, katika msitu wa Ituri. Miongoni mwa Wambuti wanaume hutwanga gome la mti hadi lilainike mfano wa kitambaa, na wanawake hulichora kwa vidole au vijiti, kwa rangi za makaa na matunda ya msituni. Mistari yao haijirudii kwa utaratibu wa kikapu. Huanza, hukatika katikati, huhamia pembeni, huacha eneo zima tupu kisha hurejea kwa namna nyingine. Asiyejua asili ya magome hayo angeweza kuyadhania kazi ya mchoraji fulani wa Ulaya wa miaka ya 1920, nami sioni kosa lake liko wapi.

Wapinzani wana jibu, tena si jepesi. Kikapu, wanasema, kina kazi ya kubeba; mchoro wake ni pambo, na pambo halidai kuwa na la kusema. Turubai haina kazi nyingine, kwa hiyo lazima ijitetee yenyewe. Hoja hii inamwelemea mchoraji mbaya, na ni haki imwelemee. Ila mpaka kati ya pambo na sanaa uliwekwa na majumba ya makumbusho yaliyopeleka vikapu kwenye chumba cha desturi za makabila na turubai kwenye chumba cha sanaa. Henri Matisse aliuvuka bila kuomba ruhusa: alikusanya vitambaa vya Wakuba wa Kasai na kuvitundika ukutani mwa karakana yake.

Kesi ya forodha

Katika mji wa mpakani kama Gatumba kila mzigo lazima upewe jina ili ulipiwe ushuru, na hivyo ndivyo hasa swali la sanaa dhahania lilivyofika mahakamani. Mwaka 1926 sanamu ya Constantin Brancusi iitwayo Ndege Angani ilifika New York. Ilikuwa shaba iliyong'arishwa, ndefu, nyembamba, bila bawa wala mdomo. Sheria ya Marekani iliruhusu kazi za sanaa kuingia bure. Maofisa wa forodha wakaitazama, wakaiweka katika fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, wakatoza asilimia 40 ya thamani yake.

Kesi ilianza kusikilizwa mwaka 1927. Upande wa serikali ulisimama hasa juu ya hoja moja: kitu hicho hakifanani na ndege. Mwaka 1928 hakimu aliamua kwamba kuna mkondo mpya wa sanaa unaojaribu kuonyesha mawazo badala ya kuiga maumbile, na kwamba mtu aupende asiupende, kuwapo kwake hakukanushiki. Brancusi akashinda. Tukumbuke lakini kwamba hukumu hiyo ilitambua kitu kuwa sanaa. Kuwa sanaa bora ni kesi nyingine, na hakuna mahakama iliyoikata.

Hoja ya sokwe

Lawama inayosikika zaidi ni kwamba hata mtoto angeweza. Wenye kuishikilia wana kisa wanachokipenda. Mwaka 1964 huko Göteborg, Uswidi, mwandishi wa habari Åke Axelsson alitundika katika maonyesho picha za mchoraji aitwaye Pierre Brassau, ambaye hakuwa mtu bali sokwe mtu wa bustani ya wanyama ya Borås. Mhakiki Rolf Anderberg alizisifu. Siri ilipofichuka alishikilia kwamba bado zilikuwa bora kuliko nyingine za maonyesho yale, jibu ambalo ama ni ukaidi mtupu ama ni uaminifu wa hali ya juu.

Upande wa pili una jaribio la Angelina Hawley-Dolan na Ellen Winner, lililochapishwa mwaka 2011. Waliwaonyesha wanafunzi wa chuo picha mbili mbili, moja ya mchoraji dhahania mashuhuri, nyingine ya mtoto au mnyama. Wanafunzi waliichagua kazi ya msanii mara nyingi kuliko kubahatisha kungeeleza, hata wale wasiosomea sanaa, na hata majina yalipobandikwa kinyume. Waliona mpango nyuma ya mkono. Lakini hawakuona kila mara, na pengo hilo ndilo matapeli wanaloishi ndani yake.

Mpingo na soko

Dar es Salaam ubishi huu ulivaa nguo za biashara. Wachongaji wa Kimakonde waliohamia kutoka Msumbiji walikuwa wakiuza sanamu za watu na wanyama. Katika miaka ya 1950, Samaki Likankoa alianza kuchonga mashetani yenye viungo vilivyopinda na matundu mahali pa tumbo, na mfanyabiashara Mohamed Peera akayanunua na kumtia moyo. Baadaye ukaja mtindo wa mawingu, ambamo mpingo unajikunja na kupanda bila sura kabisa. Wahakiki wengine waliziita kazi hizi bidhaa za watalii. Hoja hiyo inachunguza pochi ya mnunuzi na kuuacha mti. Mpingo ni mgumu na hupasuka ovyo, na mchongaji wa mawingu hana pua wala mkono wa kuficha ufa. Kila kosa liko wazi. Walakini mtindo ukishauzika hurudiwa, na wingu la mia moja huwa limekwisha kuwa kawaida.

Kumbukumbu

Kuna kazi ambayo sura huishindwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, zaidi ya watu 150, wengi wao wakimbizi Wabanyamulenge kutoka Kongo, waliuawa katika kambi ya Gatumba. Sanamu ya mtu mmoja anayelia ingemwonyesha nani kati yao?

Maya Lin, mwanafunzi wa miaka 21, alikabili swali la aina hiyo mwaka 1981 alipobuni kumbukumbu ya Wamarekani waliokufa katika vita vya Vietnam: kuta mbili za mawe meusi zilizozama ardhini, zenye majina tu. Walioupinga ubunifu huo walisema ni aibu, wakataka mashujaa wenye nyuso. Ukuta ulizinduliwa mwaka 1982, na kwa maridhiano sanamu ya askari watatu, kazi ya Frederick Hart, ikaongezwa hapo mwaka 1984. Wageni huitazama. Lakini barua, maua na viatu vya marehemu huviacha chini ya ukuta, na karatasi wanazokuja nazo huziweka juu ya majina, wakazisugua kwa penseli.