Mkeka ukitoka Ikulu, Bunge linahusika wapi?

Mkeka wa uteuzi ukitoka, simu zinaanza kuita bonde zima la Kilombero. Kuanzia Kidatu, Sanje na Mang'ula hadi Ifakara mjini swali ni moja: DC wetu kabaki? Swali la pili huulizwa na wachache: je, kuna mtu anayeweza kulikataa jina lililo kwenye mkeka huo?

Kwa Katiba ya Tanzania ya 1977, kwa karibu majina yote jibu ni hapana. Mawaziri wanateuliwa na Rais baada ya kushauriana na Waziri Mkuu, sharti wawe wabunge. Hata sharti hilo lina mlango wa pembeni, maana Rais ana nafasi 10 za kuteua wabunge mwenyewe. Anaweza kumwingiza mtu bungeni leo, kesho akampa wizara. Wakuu wa mikoa, wakuu wa wilaya, wakurugenzi wa halmashauri, Jaji Mkuu, CAG: hakuna anayethibitishwa na Bunge.

Anayethibitishwa ni Waziri Mkuu. Ibara ya 51 inataka awe mbunge wa jimbo, ateuliwe ndani ya siku 14 tangu Rais aapishwe, na asishike madaraka mpaka Bunge limpigie kura. Kassim Majaliwa alipita hivyo 2015 na 2020, Mwigulu Nchemba Novemba 2025. Mwingine ni Makamu wa Rais, lakini pale tu nafasi inapobaki wazi katikati ya muhula. Philip Mpango alipigiwa kura Machi 30, 2021, siku chache baada ya Rais Samia kushika nafasi ya hayati Magufuli.

Tuseme ukweli, kura hizo huwa hazina presha. Chama cha Rais ndicho chenye wabunge wengi, nani atamkatalia mwenyekiti wake? Meno ya Bunge yameonekana zaidi mtu akiwa tayari kazini. Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu baada ya kamati teule ya Bunge, chini ya Harrison Mwakyembe, kutoa ripoti ya mkataba wa umeme wa Richmond. Aprili 2012, baada ya ripoti ya CAG, Zitto Kabwe alianza kukusanya saini za kutokuwa na imani na Waziri Mkuu Mizengo Pinda. Hoja hiyo inahitaji saini za asilimia 20 ya wabunge wote. Kura haikupigwa, ila mwezi uliofuata Rais Kikwete alipangua baraza na mawaziri kadhaa wakatoka.

Jirani zetu Kenya, kwa Katiba ya 2010, kila waziri anasailiwa kwanza na kamati ya Bunge, na mwananchi anaweza kupeleka pingamizi. Agosti 2024 wabunge walimkataa mmoja kati ya 20, Stella Soi Lang'at, aliyependekezwa Wizara ya Jinsia. Hapa kwetu, rasimu ya Tume ya Jaji Warioba nayo ilitaka mawaziri wathibitishwe na Bunge, lakini kura ya maoni ya Katiba mpya iliahirishwa 2015.

Kwa mkazi wa Sanje hili si jambo la Dodoma tu. DC ni mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama ya wilaya. Mifugo ikiingia kwenye mpunga, yeye ndiye anayeitwa. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inamruhusu kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani hadi saa 48, kisha afikishwe mahakamani au aachiwe. Mtu mwenye uwezo huo hajapigiwa kura na diwani wala mbunge yeyote.

Cha ajabu, kijijini ndiko kuna kizuizi kigumu zaidi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inakataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na mjumbe wa mkutano huo ni kila mkazi mwenye miaka 18 na kuendelea.